Podiatria kama taaluma: inasomewa wapi, na anayeisomea atafanya kazi gani huku kwetu?

Kaka wa Makambako
Habari za leo wakuu. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na matokeo yake ni mazuri. Nyumbani tulitegemea aseme anataka udaktari au ufamasia, lakini ametuambia anataka podiatria, yaani utaalamu wa kutibu miguu kuanzia kwenye kifundo kushuka chini. Sababu tunaijua. Bibi aliyetulea alikuwa na kisukari. Siku moja msumari ulitoboa soli ya kandambili yake ukamwingia wayoni, akatembea nao tangu asubuhi hadi wakati wa kuoga bila kuhisi chochote, na baada ya miezi minne alikatwa mguu chini ya goti. Aliyeuona ule msumari ni huyu mdogo wangu, wakati huo akiwa darasa la sita, alipokuwa akimwosha bibi miguu.

Nimepitia mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ukurasa kwa ukurasa na sikukuta shahada yenye jina hilo. Jirani yetu ambaye ni mwalimu anasema hiyo ni kazi ya kukata watu kucha, na kwamba tunakaribia kupoteza akili ya mtoto. Naomba wenye uelewa wanisaidie: inasomewa wapi, kwa miaka mingapi, na akirudi ataajiriwa kama nani?

Kitabu Wazi
Mkuu, mtaalamu wa miguu ni daktari. Mdogo wako asome udaktari wa binadamu miaka mitano, afanye mwaka wa mafunzo kwa vitendo, kisha abobee kwenye upasuaji wa mifupa, na hapo ndipo achague miguu kama anaipenda. Miguu peke yake haiwezi kuwa shahada, na yeyote atakayemwambia vinginevyo atakuwa anampotosha.

Mchaga wa Ohio
Kitabu Wazi, kwa heshima naomba nikurekebishe, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoisomea. Huku Marekani miguu peke yake ni shahada ya uzamivu wa kitabibu inayoitwa DPM, yaani udaktari wa tiba ya miguu. Mtu husoma kwanza shahada ya kawaida yenye biolojia, kemia na fizikia za kutosha, na vyuo vingi humtaka afanye mtihani wa MCAT, ule ule unaofanywa na wanaoomba udaktari. Kisha husoma miaka minne katika chuo cha tiba ya miguu, anafanya mitihani ya taifa kwa sehemu, halafu anaingia hospitali kwa mafunzo ya upasuaji ya miaka mitatu. Ukijumlisha na shahada ya kwanza, ni miaka kama 11 tangu sekondari.

Anayehitimu njia hii anafanya upasuaji mwenyewe, anaandika dawa mwenyewe, na anaitwa daktari kisheria, ingawa kila jimbo lina sheria yake kuhusu umbali anaoruhusiwa kupanda juu ya kifundo. Vyuo vya namna hii viko tisa nchi nzima, kimoja kikiwa hapa Ohio chini ya Chuo Kikuu cha Kent State.

Binti Tanga
Niko Uingereza, na hapa mambo ni tofauti kabisa na alivyoeleza kaka wa Ohio, kwa hiyo mleta uzi asichanganye nchi mbili hizi anapomshauri mdogo wake. Podiatria hapa ni shahada ya kwanza ya miaka mitatu, au minne ukiwa Uskoti. Wakati wa masomo mwanafunzi anatakiwa kukamilisha takriban saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa, na akimaliza anajisajili kwenye HCPC, baraza linalosimamia fani za afya. Bila usajili huo ni kosa la jinai kujiita podiatrist, na hata lile jina la zamani, chiropodist, linalindwa na sheria hiyo hiyo. Mtu huyu si daktari wala hajiiti daktari, bali yuko kundi moja na wataalamu wa fiziotherapia. Akitaka kufanya upasuaji wa mifupa ya wayo anaendelea na mafunzo mengine marefu baada ya shahada.

Kuhusu fedha: serikali huwapa wanafunzi wa fani hii wanaosoma England ruzuku ya paundi 5,000 kwa mwaka, pamoja na 1,000 za nyongeza kwa sababu podiatria ni miongoni mwa fani zenye upungufu wa wanafunzi. Hiyo ni kwa wakazi. Anayetoka nyumbani na viza ya masomo hapati, na ada yake ni ile ya wageni, ambayo ni kubwa mara kadhaa. Niliona familia moja ikiuza kiwanja kwa kudhani ruzuku ile ingemfikia binti yao, nao walikuja kujua ukweli akiwa ameshapanga chumba.

Nusu Njia Doornfontein
Mbona mnampeleka ng'ambo na Afrika Kusini ipo? Chuo Kikuu cha Johannesburg kinatoa shahada ya podiatria ya miaka minne, na mhitimu anasajiliwa na HPCSA, baraza la fani za afya la huku. Mimi niko mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza ni anatomia, fiziolojia, fizikia na kemia, na wengi huanguka hapo kwa kuwa walikuja wakidhani ni masomo mepesi ya kucha na sugu. Wayo mmoja una mifupa 26, ambayo ukiizidisha kwa miwili unapata 52, karibu robo ya mifupa yote 206 ya mwili, na unatakiwa kuitambua kwa kidole huku ikiwa imefunikwa na ngozi.

Tangu mwaka wa pili nimekuwa nikihudumia wagonjwa kwenye kliniki ya chuo, mwalimu akiwa pembeni. Siku yangu ya kwanza ya kushika kisu nilikuwa nikichonga sugu chini ya kidole gumba cha mzee mmoja. Ngozi ilikuwa inatoka nyembamba kama maganda ya kitunguu, mpaka nilipoona doa jeusi katikati. Mwalimu akaniambia nisimame. Doa lile ni damu iliyovia, na chini ya sugu ya namna hiyo mara nyingi kuna kidonda ambacho mwenyewe hakijui. Tulipoendelea kwa uangalifu tulikuta shimo la kuingiza ncha ya penseli. Yule mzee alikuja kliniki akilalamikia kucha.

Kitabu Wazi
Nimesoma na nimeelewa kwamba nilisema kwa uhakika kuliko nilivyostahili. Hata hivyo hoja yangu bado iko pale pale kwa upande wa nyumbani: akirudi na shahada ya Johannesburg, TCU wanaweza kuitambua kama shahada, lakini ataomba kazi kwa cheo gani? Ajira serikalini zinafuata muundo wa utumishi. Cheo kisipokuwemo kwenye muundo, halmashauri haiwezi kukitengea mshahara hata mganga mkuu wa wilaya akipiga magoti.

Nesi wa Zamu
Hapo Kitabu Wazi umegusa penyewe, nami nataka niongeze ninayoyaona kazini. Kazi ya podiatria huku kwetu ipo na inafanyika, ila imegawanywa kwa watu wengi wasio na jina hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilikuwa moja ya nchi za mwanzo katika mradi wa Step by Step wa kufundisha huduma ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, ambao hapa ulisukumwa na Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, na waliofundishwa walikuwa madaktari pamoja na wauguzi wanaokaa na mgonjwa wa kisukari kila siku. Nilifundishwa na dada mmoja aliyepita huko, na mpaka leo kila Jumanne naangalia miguu.

Kifaa changu kikubwa ni uzi wa nailoni uliotengenezwa upinde kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho, nausimika uzi kwenye ngozi mpaka ujikunje, naye anasema kama amehisi. Usipokuwa na uzi kuna njia ya kidole: unamgusa taratibu kwenye ncha ya kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, jumla sehemu sita, kwa sekunde moja au mbili bila kubonyeza. Akikosa mbili au zaidi, miguu yake imeanza kufa ganzi na anatakiwa kuangaliwa kwa karibu. Hii hata mwanafamilia anaweza kuifanya nyumbani.

Nimekutana na mama aliyeamka asubuhi akakuta kidole kimetafunwa na panya usiku na hakuhisi kitu. Msidhani ni kisa cha pekee, kwani Dkt. Abbas na wenzake waliandika kitaalamu kuhusu wagonjwa wa namna hiyo Tanzania mwaka 2005.

Mchaga wa Ohio
Dada Nesi, ahsante sana. Hiyo njia ya kidole nasi tunaitumia. Pia najisahihisha: nimekumbushwa na mwenzangu kwamba vyuo vya DPM si tisa tena, vimefika 11 baada ya kuongezeka kimoja Texas na kingine Pennsylvania.

Nyota ya Kisauni
Mimi ni wa Mombasa, na baba yangu ni mgonjwa wa sukari wa miaka mingi. Naona mnatafuta sababu kwenye vyeo na mabaraza, lakini kwa maoni yangu chanzo ni sisi wagonjwa. Kwetu mtu akipata jeraha la mguu lisilopona, neno la kwanza mtaani ni donda ndugu, na likishaitwa donda ndugu huwa limeshahukumiwa. Wengine husema amekanyaga kitu alichotegewa. Anazungushwa kwa waganga, anawekewa majani, unga wa vidonge na maji ya betri, na akifika hospitali wayo umeshakuwa mweusi. Daktari wa upasuaji hana la kuhifadhi, anakata, na mtaani wanasema: si tuliwaambia, ukienda hospitali utakatwa mguu. Hata mkileta wataalamu wa miguu 100 leo, watakaa na nani kliniki ikiwa mgonjwa haji mguu ukiwa mzima?

Mzee wa Peramiho
Nimewasoma wote, wanangu. Nyota ya Kisauni, unachosema ni kweli lakini si chanzo. Sisi tuliofanya kazi kwenye vituo vya ukoma tunajua kwamba huduma ya miguu ilikuwepo nchi hii kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Mgonjwa wa ukoma alifundishwa kuloweka miguu, kuipaka mafuta, kukagua nyayo kwa kioo kila jioni na kuvaa viatu vya soli laini vilivyoshonwa pale pale kituoni. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore kule India tangu 1946 na baadaye Carville huko Marekani, ndiye aliyewaonyesha watu kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma haiozi yenyewe, ila inaumizwa kwa sababu maumivu ya kumwonya hayapo. Mambo mengi yanayofanywa leo kwa mguu wa kisukari yalipitia kwenye ukoma kwanza.

Kilichotokea ni kwamba ukoma ulipungua, wafadhili wakaondoka, karakana za viatu zikafungwa, na ujuzi ule ukazeeka pamoja na sisi. Kisukari kikaingia mlango wa mbele huku ujuzi unatokea mlango wa nyuma. Kama wangekutana sebuleni, leo tusingekuwa tunauliza cheo kinaitwaje.

Kitabu Wazi
Shikamoo Mzee. Hoja yako ni nzito, lakini Uingereza nao hawakupata podiatria kwa njia ya ukoma. Kule ilianza kwa wachonga sugu wa mitaani. Lewis Durlacher alikuwa mtibu miguu wa malkia Victoria, na hata hivyo iliwachukua hadi 1912 kuunda chama chao cha kwanza cha taifa. Walijiunga, wakaanzisha mitihani, wakadai sheria. Sisi tuna wachonga kucha wengi mitaani wanaopita na beseni na mawe ya kusugulia, na hakuna aliyewahi kuwaita darasani.

Binti Tanga
Ndugu yangu Kitabu Wazi, jana ulisema miguu haiwezi kuwa shahada, leo unatufundisha historia yake tangu enzi za Victoria. Umesoma usiku kucha, na kwa kweli nimefurahi. Ila hao wenye mabeseni tuwaombee tu wasimguse mgonjwa wa kisukari mpaka hilo darasa lipatikane, kwa sababu wembe mmoja unazunguka mtaa mzima.

Fundi Soli
Naomba kuingiza neno kwa upande wa vifaa. Mleta uzi, Moshi kuna chuo cha TATCOT, ndani ya eneo la hospitali ya KCMC, kilichoanza mwaka 1981. Kinafundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo, kwa stashahada na shahada, na kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mimi nilipita pale. Mhitimu anajua kupima mwendo wa mgonjwa, kuchukua umbo la wayo kwa plasta, na kutengeneza soli ya ndani inayoondoa uzito mahali penye kidonda. Hiyo ni sehemu kubwa ya podiatria, cheti chake kinatambulika nchini, na wahitimu wake hutafutwa hospitalini. Sehemu asiyoipata ni kisu, yaani kuchonga sugu, kutoa ukucha ulioingia nyamani na kutibu kidonda chenyewe.

Na kwa kuwa kandambili zimetajwa, katambuga za tairi, zile ambazo Wakenya huziita akala, zina soli ambayo msumari mdogo hauipenyi kirahisi. Tatizo lake ni mikanda kuchubua vidole na misumari ya fundi kuchomoza ndani. Huwa nazing'oa ile misumari, nashona mikanda kwa uzi, naweka sponji ngumu juu ya tairi, na mgonjwa wa kijijini anapata kiatu anachokimudu.

Nesi wa Zamu
Fundi Soli, ningekuwa na mtu kama wewe kwenye jengo langu ningelala vizuri. Ninasafisha kidonda wiki sita, kinaanza kujaa nyama nyekundu nzuri, halafu mgonjwa anarudi nyumbani na kandambili zile zile na wiki inayofuata tunaanza upya.

Mto Kagera
Kuna mfano wa jirani ambao haujatajwa. Uganda walipotaka kutibu watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, hawakusubiri kupata madaktari wa mifupa wa kutosha. Waliwafundisha maofisa wa mifupa, ambao si madaktari, kunyoosha nyayo kwa njia ya Ponseti: mtoto anafungwa hogo (plasta ngumu) linalobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi anakatwa kidogo kano ya kisigino, kisha anavaa viatu vyenye ufito usiku kwa miaka. Kwa hiyo kinachotakiwa si shahada mpya ya miaka minne. Mchukue tabibu au muuguzi aliyeko kazini, umpe miezi kadhaa ya miguu.

Nusu Njia Doornfontein
Sikubaliani na Mto Kagera, ingawa mfano wake ni wa kweli. Njia ya Ponseti ni kazi moja yenye hatua zinazojulikana. Mguu wa kisukari una ganzi, una mishipa ya damu iliyoziba, una maambukizi na una mifupa inayobomoka kimya kimya ndani ya wayo uliovimba na kuwa wa moto, ambao wengi hudhani ni jipu. Anayefanya uamuzi hapo anahitaji msingi mpana, na msingi haujengwi kwa miezi kadhaa. Zaidi ya hayo, muuguzi akishafundishwa miguu anahamishiwa wodi ya wazazi mwaka unaofuata.

Nesi wa Zamu
Hilo la kuhamishwa ni kweli. Tulikuwa watatu tuliofundishwa na yule dada, nimebaki peke yangu.

Kaka wa Makambako
Ahsanteni nyote, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Tumesoma uzi huu pamoja na mdogo wangu, mara mbili. Njia ya Marekani imemtisha kwa urefu na mkopo, ya Uingereza kwa ada. Yeye anaipenda Johannesburg kwa sababu ya kile kisa cha doa jeusi, mimi navutiwa na Moshi kwa sababu najua tutamudu, na mama anasema asome uuguzi kwanza ili awe na kazi mkononi, halafu miguu itafuata. Bado hatujakubaliana, na Kitabu Wazi, swali lako la cheo limetukaa kooni.

Jambo moja limetokea jana usiku. Baada ya kusoma maelezo ya Dada Nesi, mdogo wangu alimwomba baba afumbe macho akiwa kwenye kochi, akamgusa vidole vya miguu sehemu zile sita. Baba aliitikia mara nne. Alidhani tunamtania. Hajawahi kupima sukari tangu bibi afariki, na Jumatatu tunampeleka.

Nesi wa Zamu
Hizo mbili alizokosa zinatosha, msiahirishe. Na aje na viatu anavyovaa kila siku shambani, si vile vya kanisani.